Ukungu kwa Ukungu

Alhamisi, kabla ya saa kumi na mbili na nusu,
natoa nguo kambani,
nafunika pipa la maji kwa bati, juu ya bati jiwe,
naingiza kuku, naingiza sufuria, namwingiza mama.
Kisha tunaisikia ng'ambo ya mto Vinces,
ndege ndogo ya manjano, inakohoa
kama mtu mwenye neno asiyejua aanzie wapi.
Inapita chini, migomba inainamisha vichwa,
na nyuma yake unashuka ukungu mweupe
wenye harufu ya mafuta, na ya kitu kingine.
Dawa ya moto ni moto.
Dawa ya ukungu, basi, ukungu.

Miaka tisa kaka yangu Eleuterio alikuwa bendera.
Sisemi alishika bendera. Alikuwa bendera.
Alisimama mwisho wa mstari, kitambaa chekundu juu,
rubani ajue pa kufungulia na pa kufunga,
na dawa ikishuka alijikunyata chini ya jani la mgomba,
jani lile lile lililokuwa likitibiwa,
kisha akahesabu hatua kumi na nane kwenda kulia
na kunyanyua tena.
Siku hizi ndege inaongozwa na setilaiti.
Eleuterio anakaa mlangoni, kikombe puani,
ananiuliza, Digna, hii ni kahawa au maji ya moto?

Mimi kazi yangu majani.
Nina mundu uliofungwa kwenye ufito mrefu.
Nahesabu kutoka juu: lililojikunja kama sigara silihesabu,
la kwanza safi,
la pili safi,
la tatu, simama hapo. Geuza upande wa chini.
Mchirizi mmoja, mwembamba, rangi ya kutu,
kama mtoto amejaribu penseli.
Baada ya wiki mbili utakuwa doa. Baada ya mwezi jani zima
litaning'inia kama shati lililounguzwa na pasi.

Mgomba, wanasema, haushindwi na mkunguwe.
Kweli. Mkungu hauushindi.
Unashindwa na ukungu:
herufi moja tu, na shamba limekwisha.
Mgomba ukitoa ua bila majani manane
ndizi hazijai; au zinajaa, zinapanda meli zikiwa kijani,
na katikati ya bahari zinajiivia gizani,
kontena zima,
na hasara inarudi kwa barua
mpaka ndani ya bahasha ya mshahara wangu.

Kwa hiyo sitaki unafiki. Dawa imenilisha.
Imenunua bati hilo ninalofunikia maji yasiingie dawa.

Lakini ukungu nao una akili.
Mhandisi Bustamante alileta dawa mpya, ya bei,
akasema hii inaingia ndani ya jani,
mara nane kwa mwaka yatosha.
Ikatosha misimu mitatu.
Kisha ukungu ukaisoma, ukaihifadhi moyoni,
ukaila kama chumvi kwenye wali.
Sasa ndege inakuja karibu kila wiki,
dawa hii na ile kwa zamu, usije ukazoea,
kama mtu anayebadili kufuli kila Jumatatu
na mwizi amelala chumbani.

Jana, kitalu cha saba, mgomba wenye utepe wa buluu.
Majani sita. Sikukata jani zima.
Nilikata kipande kilichooza, kinachopumua nikakiachia mama mtu,
na kile kilichokufa nikakilaza kifudifudi
mbegu zake zisipate pa kurukia.
Dawa hiyo haina bei. Ina maumivu ya bega tu.
Migomba mia tatu kabla ya chakula cha mchana.

Nimerudi, ndege ya jirani ilikuwa inapita,
kwa mbali, si zamu yetu.
Eleuterio mlangoni, macho juu,
na mkono wake wa kulia umenyanyuka wenyewe.
Hauna kitambaa.
Mama akamshusha, polepole,
kama anayeanua nguo.